Mchakamchaka umerudi: Mazoezi, maigizo na mechi kwa mfuko wa mwalimu

Na Mwandishi Maalumu, Kigali

JUMAPILI moja ya mwaka 2023, majira ya saa moja asubuhi, nilikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na Jumba la Mikutano la Kigali, nikamnyooshea mkono muuguzi kijana ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanafunzi wangu. Sikuwa nimepanga kupimwa. Ilikuwa Siku Bila Magari, barabara zimefungwa, watu wanatembea na kukimbia, na chini ya hema wahudumu wa afya walikuwa wakipima presha na sukari bila malipo. Foleni ilikuwa fupi, nami nilikuwa ninahema baada ya kupanda kilima kimoja tu.

Muuguzi alipima, akanyamaza. Akaniambia nipumzike dakika tano, kisha akapima tena. "Mwalimu," alisema, maana nilikuwa nimekwisha kumtajia kazi yangu, "presha yako ni 160 kwa 100. Umewahi kuambiwa?"

Sikuwahi kuambiwa, wala sikuwahi kuuliza. Wiki mbili kabla ya hapo tulikuwa tumemzika mwalimu mwenzetu, mtu wa miaka 47, aliyerudi kutoka uhamishoni kama mimi. Kiharusi kilimwangusha akiwa anasahihisha madaftari. Siku ya mazishi tulisema ni kazi ya Mungu. Pale kwenye kiti cha plastiki ndipo nilipoanza kuona kwamba upande mwingine ilikuwa kazi yetu wenyewe.

Kituo cha afya walinipa vidonge na maagizo: chumvi ipungue, uzito upungue, na mwili ufanyishwe kazi walau dakika 150 kwa wiki, kiwango kilekile kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani. Nilitoka pale nikiwa na swali moja. Mazoezi ya hotelini ni ya wenye fedha, nami ni mwalimu mwenye watoto wanne. Nitayapata wapi?

Makala haya ni jibu la swali hilo baada ya kutafuta kwa zaidi ya miaka miwili. Nayaandika kwa ajili ya ndugu zangu tuliorudi nyumbani, na kwa ajili ya wafanyabiashara wanaovuka mpaka kila wiki na ambao Kigali wanaijua kwa maghala yake tu.

Nani anakufukuza?

Mimi nilizaliwa na kusoma ng'ambo ya mto Kagera, upande wa Tanzania. Kila aliyesoma huko anaujua mchakamchaka. Alfajiri kabla ya masomo, wanafunzi wote mnapanga mistari, mmoja anaongoza wimbo, wengine mnaitikia, miguu inapiga ardhi kwa pamoja. Hakuna aliyelipa kiingilio na hakuna aliyevaa viatu maalumu. Wengi wetu hatukuwa na viatu vya aina yoyote.

Nilipovuka daraja la Rusumo mwaka 1998 nikiwa na miaka 19 na cheti cha kidato cha nne, nilikuja na tabia hiyo. Asubuhi ya kwanza nilikimbia barabarani kwenye kilima tulichopewa kuishi. Siku ya tatu bibi jirani alinisimamisha. Aliniambia kwa upole, "Mwanangu, huku tukimwona mtu anakimbia, tunauliza kwanza nani yuko nyuma yake." Ilikuwa miaka minne tu baada ya mauaji ya kimbari. Sikumjibu kitu. Niliacha kukimbia siku hiyo, na kwa miaka mingi sikukimbia tena.

Ndiyo maana Kigali ilipoanzisha Siku Bila Magari mwezi Mei mwaka 2016, mimi nilisimama kando ya barabara nikitazama tu. Umati mzima wa watu, vijana kwa wazee, wanakimbia katikati ya barabara kuu wakiimba, na hakuna aliyeuliza nani anawafukuza. Tangu mwaka 2018 siku hiyo hufanyika Jumapili mbili za kila mwezi. Hii ndiyo huduma ya kwanza ninayomwelekeza kila mgeni: mazoezi ya bure, yanayoongozwa, na vipimo vya bure. Anayeanza, aanzie hapo, na apimwe kabla ya kulipa faranga moja mahali popote.

Lakini Jumapili mbili kwa mwezi hazitoshi dakika 150 kwa wiki. Tena kuanzia Machi hadi Mei mvua ya Kigali haina huruma, na udongo wa vilima vyetu unateleza. Lazima mtu aingie ndani.

Jimu-toniki na hesabu ya kundi

Mazoezi ya pamoja ya ukumbini, yale ya muziki na mwalimu aliyesimama mbele, hapa kwetu huitwa jimu-toniki. Hufanyika hasa nyakati mbili: alfajiri kuanzia saa kumi na mbili kabla watu hawajaenda kazini, na jioni watu wakitoka kazini. Nyakati hizo kumbi hujaa. Mchana, na ile saa moja kabla ya umati wa jioni, kumbi nyingi huwa tupu.

Hapo ndipo penye punguzo. Mwenye ukumbi hulipa kodi ya jengo, umeme na mwalimu wa mazoezi, wawepo watu 30 au watu watatu. Saa iliyo tupu kwake ni hasara. Ukimwendea peke yako kuomba upunguziwe, atakuona msumbufu. Ukimwendea na watu kumi na wanne wanaotaka saa ambayo haina mtu, atakuvutia kiti ukae.

Sisi walimu tulikuwa na chama chetu cha kuwekeana fedha, kile ambacho Wanyarwanda wanakiita ikimina na wenzetu wa Tanzania wanakiita upatu. Tulikuwa 14. Ukumbi mmoja wa mtaani ulikuwa ukitoza faranga 2,000 kwa siku, au 20,000 kwa mwezi. Tulimwendea mwenye ukumbi tukamwomba saa kumi na moja jioni, siku tatu kwa wiki. Baada ya maneno mengi tukakubaliana faranga 12,000 kwa mwezi kwa kila mmoja. Piga hesabu: mara kumi na mbili kwa mwezi, kila mara faranga 1,000, yaani nusu ya bei ya siku. Kwa kundi zima tuliokoa faranga 112,000 kila mwezi. Bei hizo ni zetu na ukumbi wetu. Kwingine utakuta tofauti. Njia ndiyo ileile.

Kwa mfanyabiashara ambaye yuko Kigali siku mbili na siku ya tatu yuko Rusumo au Gatuna, malipo ya mwezi ni hasara. Yeye aulize kadi ya mara kumi, ambayo baadhi ya kumbi huuza kwa bei iliyo chini ya malipo ya siku kumi, na ahakikishe kadi hiyo haiishi muda wake upesi. Akina mama waulize pia kama kuna saa ya wanawake peke yao. Wengi wameniambia aibu ya mavazi ndiyo iliyowazuia kuliko fedha. Fulana na suruali ya kawaida vinatosha kabisa.

Sasa niwaeleze na nilivyopoteza fedha, ili nanyi msizipoteze. Kabla ya mpango wetu wa kundi, nilivutwa na tangazo la ukumbi mpya: lipa miezi mitatu kwa faranga 40,000 badala ya 60,000. Nililipa taslimu, bila risiti. Wiki ya tano nilikuta mlango umefungwa kwa kufuli na simu ya mwenye ukumbi haipatikani. Tangu hapo nina kanuni tatu. Kwanza, nalipa siku moja nione wangapi wanakuja na kama mwalimu wa mazoezi anajua kazi yake. Pili, silipi zaidi ya mwezi mmoja mahali nisipopajua. Tatu, nalipa kwa momo, maana simu hutunza ushahidi.

Na neno moja kwa wenzangu wa presha na kisukari: mwambie mwalimu wa mazoezi hali yako siku ya kwanza, na vidonge usiviache kwa sababu umeanza kutoka jasho. Mazoezi husaidia dawa, hayaifukuzi.

Jukwaa lililorudi nasi

Kuna watu watakaouliza: mazoezi sawa, lakini maigizo yanaingiaje katika habari ya presha? Nami niliuliza hivyo, mpaka daktari aliponiuliza mara ya mwisho kucheka na watu nje ya nyumba yangu ilikuwa lini. Sikuweza kukumbuka.

Sisi tuliokulia makambini na kwenye makazi ya wakimbizi tulilelewa na jukwaa bila kulijua. Wazee walitufundisha kucheza ngoma za nyumbani ambako hatujawahi kufika. Shuleni tuliigiza kwa Kiswahili, tukivaa khanga za mama zetu. Baada ya kurudi, wengi wetu tuliona mambo hayo ni ya utotoni. Kumbe wapo waliorudi wakiwa wameyashika mkononi. Hope Azeda alizaliwa Uganda kwa wazazi wakimbizi wa Kinyarwanda, akasoma sanaa za maonyesho Chuo Kikuu cha Makerere, akarudi na kuanzisha kundi la Mashirika. Carole Karemera alizaliwa Brussels na ni mmoja wa wanawake walioanzisha kituo cha sanaa cha Ishyo hapa Kigali mwaka 2007. Wote ni watoto wa uhamishoni kama sisi.

Wala Mnyarwanda aliyebaki hakuwa mgeni wa maigizo. Kundi la Indamutsa la Radio Rwanda liliwakalisha watu karibu na redio kwa miaka mingi. Mchezo wa Urunana umesikilizwa tangu mwaka 1999, na Musekeweya ulianza mwaka 2004 ukizungumzia chuki na maridhiano kupitia hadithi ya vijiji viwili. Huo ni ukumbi wa maigizo usio na kiingilio, na kwa mgeni anayejifunza Kinyarwanda hakuna darasa lililo bora zaidi.

Kwenye majukwaa yenyewe, tamasha la Ubumuntu, lililoanzishwa na Azeda mwaka 2015, hufanyika mwezi Julai kwenye ukumbi wa wazi wa Kumbukumbu ya Mauaji ya Kimbari huko Gisozi. Nilipokwenda sikulipa kiingilio. Niliona makundi kutoka nchi mbalimbali, mengine yakitumia lugha nisizozijua, lakini mwili wa mwigizaji una lugha yake. Bibi aliyekaa mbele yangu alilia kimya kimya, na kijana asiyemjua akampa kitambaa.

Kwa maonyesho yanayotozwa fedha, nimejifunza kuuliza mambo manne. Je, kuna onyesho la mchana? Mara nyingi huwa rahisi kuliko la usiku. Je, mwanafunzi au mwalimu mwenye kitambulisho anapunguziwa? Je, kuna mazoezi ya mwisho ambayo watu wanaruhusiwa kutazama? Na kundi linalipa kiasi gani? Mwaka jana niliandika barua yenye muhuri wa shule kwa kundi moja la maigizo la hapa mjini. Wanafunzi 35 waliingia kwa nusu ya bei, na walimu wawili hatukulipa. Waigizaji hawakufanya hivyo kwa huruma. Onyesho la mchana lilikuwa na viti vitupu, na mwigizaji hapendi kuongea na viti. Jumatatu yake mvulana mmoja ambaye muhula mzima hakuwahi kunyoosha kidole alikuja kuniomba darasa letu nalo liigize.

Uwanjani kabla ya siku ya mechi

Upande wa michezo, Kigali ya leo si ile tuliyoikuta. Pale Remera, viwanja vitatu vinapakana. Uwanja wa Amahoro ulizinduliwa upya Julai mwaka 2024 ukiwa na viti 45,000, kutoka takriban 25,000 vya zamani. Jirani yake kuna BK Arena, ukumbi wa ndani wa watu 10,000 uliofunguliwa Agosti mwaka 2019, ambao umekuwa nyumba ya fainali za Ligi ya Mpira wa Kikapu ya Afrika mara kadhaa tangu msimu wa kwanza wa mwaka 2021. Hapohapo kuna Petit Stade, ukumbi mdogo wa ndani. Kule Nyamirambo kuna uwanja ambao tangu Machi mwaka 2023 unaitwa Kigali Pelé.

Wengi huijua bei ya fainali tu, kisha wanasema michezo ni ya matajiri. Fainali ni ghali kwa sababu kila mtu anaitaka. Lakini timu zilezile huanza kucheza wiki kadhaa kabla, na siku hizo tiketi huwa rahisi na viti vipo. Mechi za wanawake, za mpira wa wavu na za mpira wa mikono, nyingi zina kiingilio kidogo na nyingine ni bure kabisa, na ufundi wake si mdogo. Mechi ya Rayon Sports na APR ni habari nyingine. Hiyo inunuliwe mapema, kwani mara nyingi anayengoja siku yenyewe hulipa zaidi.

Nunua kwa simu kupitia njia inayotangazwa na klabu au uwanja. Usinunue kwa mtu aliyesimama nje ya geti. Mimi niliwahi kumwamini kijana mmoja aliyeniuzia kwa nusu ya bei, na mashine ya mlangoni ikasoma kwamba tiketi ile imekwisha kutumika. Nilirudi nyumbani nikasikiliza redioni. Mfanyabiashara asiye na laini ya simu ya Rwanda amwombe mwenyeji anayemfahamu amnunulie.

Halafu kuna saa. Saa za Kigali ziko nyuma ya Tanzania na Uganda kwa saa moja, wakati Goma na Bujumbura ziko sawa na sisi. Tangazo likisema 18:00, ni saa kumi na mbili jioni ya Kigali, lakini saa ya mtu aliyetoka Ngara itakuwa inasoma saa moja usiku. Na jumlisha nauli kabla hujafurahia punguzo. Mechi ikimalizika usiku na basi limekwisha, pikipiki inaweza kula fedha yote uliyookoa kwenye tiketi. Sisi hupanga kurudi wanne kwa gari moja.

Mchezo ulio rahisi kuliko yote ni baiskeli. Tour du Rwanda hupita kila mwaka mwezi Februari, na Septemba mwaka 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli barabarani yalifanyika hapa Kigali, kwa mara ya kwanza katika bara la Afrika. Mabingwa wa dunia walipita mbele ya milango ya watu. Jirani zangu waliwatazama wakiwa wameketi kwenye vigoda vyao.

Stoo, gesti na kiti cha juu

Nina rafiki anayeleta mchele kutoka Kahama. Kwa miaka kumi alikuwa akifika Nyabugogo, anapeleka mzigo, anadai fedha zake, analala gesti. Jioni yake ilikuwa chupa mbili na daftari la madeni. Siku moja nilimwambia anifuate BK Arena, mechi za makundi, viti vya juu.

"Mwalimu," aliniambia, "mimi nina miaka 50, nikafanye nini huko na watoto? Kigali nimeijua kwa stoo na gesti, inanitosha."

Alikuja kwa sababu nilikuwa nimekwisha kulipa. Hakujua sheria hata moja ya mpira wa kikapu. Kufikia robo ya tatu alikuwa amesimama, akigongana mikono na mzee wa Kinyarwanda asiyejua Kiswahili zaidi ya "sawa" na "asante". Tulipotoka alinyamaza mpaka kituo cha basi, kisha akasema, "Kaka, miaka kumi nakuja hapa, leo ndiyo mara ya kwanza nimekaa na watu ambao siwadai na hawanidai."

Maneno hayo yamebaki nami. Sisi tuliorudi na wao wanaovuka tuna ugonjwa mmoja: tunauishi mji kama watu wanaopita. Tunasema tukishajenga, tukishamaliza ada, tukishalipa deni, ndipo tutapumzika. Mwenzetu tuliyemzika alikuwa akisema hivyohivyo. Bei nafuu zipo, lakini hazimfuati mtu nyumbani. Zinampata anayejua siku, anayekwenda na wenzake na asiyeona haya kuuliza.

Leo presha yangu inacheza kwenye 130 kwa 85, kwa vidonge na kwa jasho. Mwezi wa kawaida natumia faranga 12,000 za ukumbi, mechi moja ya viti vya juu, na onyesho moja kila panapotokea. Nimeacha soda na chupa za mwisho wa wiki, na hesabu yangu inaonyesha kwamba sijaongeza matumizi hata kidogo.

Aprili iliyopita mvua ilipiga bati la ukumbi wetu mpaka muziki ukawa hausikiki, kisha umeme ukakatika. Mwalimu wa mazoezi alitaka tuondoke. Nikamwomba dakika kumi. Nikapanga mistari, nikaanzisha wimbo wa mchakamchaka niliojifunza nikiwa na miaka minane, na wenzangu waliosoma Tanzania wakaitikia. Waliosoma Uganda, Congo, Burundi na waliosoma hapahapa wakaushika baada ya mzunguko wa pili.

Miongoni mwao alikuwamo mjukuu wa yule bibi aliyenisimamisha mwaka 1998. Sasa ni mwalimu wa shule ya msingi. Alikimbia nyuma yangu, mstari wa pili, mpaka mvua ilipokatika.